Jina la Chaneli ya Mubashara Huchaguliwa kwa Sikio

Mgeni amealikwa kwenye matangazo ya mubashara. Amezungumza vizuri, watazamaji wamemchangamkia, na kabla ya kuagana mwenyeji anamuuliza: "Haya, tukutafute kwa jina gani?" Mgeni anaanza: "Andika shujaa, ila hizo 'a' mbili za mwisho ni tarakimu, nne nne. Halafu kistari cha chini. Halafu tisini na tisa." Mwenyeji anarudia, anakosea. Kwenye gumzo, yaani ule mkondo wa ujumbe unaopita pembeni, mmoja anauliza kama kistari ni cha chini au cha kati, mwingine anabandika jina lisilo sahihi, na kumi wanalifuata hilo hilo. Mpaka mambo yanyooshwe, matangazo yamekwisha na watu wametawanyika.

Tukio la namna hii nimelishuhudia mara nyingi na bado linaniuma. Mgeni alikuwa na kipaji, akapewa nafasi, na kilichomwangusha ni alama tisa alizozichagua siku moja kwa dakika mbili, bila mtu wa kumshauri.

Wanaoanza kurusha matangazo huuliza maswali yanayofanana. Mbona nimebadilisha jina lakini kiungo bado ni kile cha zamani? Mbona jina nililolisajili analo pia mtu mwingine? Ni kweli kwamba namba zinasaidia? Nikibadili jina, wafuasi wangu watapotea? Sehemu kubwa ya mkanganyiko huu inatoka mahali pamoja: tunaliita "jina" kitu ambacho kwa kweli ni vitu vitatu.

Anwani, kibao, na mdomo wa watu

Chukulia chaneli yako kuwa nyumba. Nyumba ina anwani, ambayo ndiyo inayomfikisha mgeni mlangoni. Mlangoni kuna kibao kilichoandikwa jina la wenyewe, wakipenda kwa rangi na maua. Halafu kuna namna majirani wanavyoiita nyumba hiyo wanapomwelekeza mtu, na hilo hawakumwomba mwenye nyumba ruhusa.

Jina la mtumiaji ndiyo anwani. Ndani ya jukwaa moja haliwezi kuwa la akaunti mbili, na ndilo linaloingia kwenye kiungo chako na kuandikwa baada ya alama ya @. Jina la kuonekana ni kibao. Hili linaweza kuwa na nafasi katikati, wakati mwingine hata vikaragosi, na kwenye majukwaa mengi watu elfu moja wanaweza kubandika kibao kinachofanana bila mfumo kulalamika. Jina la tatu ni lile la mdomoni, ambalo watazamaji huliunda wenyewe kwa kufupisha. Ukijiita MwalimuWaHesabuZaJioni, usitarajie mtu kulitaja lote. Utaitwa Mwalimu, au Jioni, na hutakuwa na la kufanya.

Majukwaa hayagawanyi vitu hivi kwa namna moja, na hapo ndipo watu hupotea. YouTube ilianzisha majina ya @ mwaka 2022, hivyo chaneli ikawa na jina la @ ambalo ni la kipekee, na jina la chaneli ambalo si la kipekee. Ukibadilisha moja, jingine linabaki lilivyo. Swali la "mbona kiungo hakijabadilika" lina jibu hapo: ulibadilisha kibao, anwani ikabaki. TikTok nayo hutenganisha jina la mtumiaji na lile la kuonekana. Twitch, jukwaa la kurushia matangazo ya mubashara, huyaunganisha karibu kabisa: jina la kuonekana linatofautiana na la mtumiaji kwa herufi kubwa na ndogo tu, isipokuwa kwa wanaoandika kwa Kijapani, Kikorea au Kichina.

Vipimo pia vinatofautiana. Twitch hukubali alama 4 hadi 25, ziwe herufi, tarakimu au kistari cha chini, na kistari hicho hakiwezi kuanza jina. YouTube hukubali 3 hadi 30, na huruhusu pia nukta na kistari cha kati. TikTok huishia 24, nayo huruhusu nukta lakini si mwishoni. Anayetaka jina moja litakalokubalika kote atumie herufi na tarakimu pekee, zisipungue nne wala kuzidi 24. Nukta uliyoipenda kwenye jukwaa moja itakataliwa kwenye jingine, na siku hiyo utakuwa na majina mawili bila kukusudia.

Hapa niondoe dhana moja mapema. Wengi huamini kwamba kuandika JuaKali badala ya juakali kunaleta jina jipya. Hapana. Kwenye anwani, mfumo hautofautishi herufi kubwa na ndogo. Hayo ni mapambo ya kumsaidia anayesoma. Kama juakali limechukuliwa, JuaKali, JUAKALI na juaKALI yote yamekwenda nalo.

Kwa nini sikio na si jicho

Video iliyorekodiwa hutafutwa kwa kichwa chake, hubofywa kwa sababu ya picha, na huletwa mbele ya mtu na mfumo wa mapendekezo. Jina la mwenye chaneli mtazamaji anaweza asilisome hata mara moja. Matangazo ya mubashara yanakwenda kwa njia nyingine. Yanatokea sasa, yanakwisha, na mtu husikia habari zake kutoka kwa mtu mwingine: "Ingia kwa fulani, kumechangamka." Jina linatoka mdomoni, linaingia sikioni, linakaa kichwani kwa dakika kadhaa au siku kadhaa, halafu vidole vya mtu ambaye hajawahi kuliona vinaliandika. Popote linapovunjika katika safari hiyo, mtazamaji hafiki.

Hata ndani ya jukwaa lenyewe safari hiyo inajirudia. Kwenye Twitch, mtangazaji anayemaliza zamu yake anaweza kuwapeleka watazamaji wake wote kwenye chaneli nyingine iliyo hewani wakati huo. Mara nyingi huandika amri fupi kwenye gumzo ikifuatiwa na jina la mtumiaji la anayepelekewa. Yuko hewani, amechoka, anaaga watu, na vidole vyake vinatafuta jina lako. Jina linalohitaji kunakiliwa kwa uangalifu hupitwa na jina linalotoka kichwani, na mara nyingi anayepitwa hajui kwamba alikuwa amefikiriwa.

Kichwa nacho kina mipaka. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani George Miller aliandika makala iliyokuja kuwa mashuhuri, akieleza kwamba kumbukumbu ya muda mfupi hubeba vitu kama saba, viwili zaidi au viwili pungufu. Mwaka 2001 Nelson Cowan alipitia upya ushahidi na kusema idadi iko karibu na vinne. Muhimu ni kwamba "kitu" hapa si herufi. Ni fungu lenye maana. Neno moja unalolijua ni fungu moja, hata likiwa na herufi kumi. Sasa mrudie yule mgeni wetu: shujaa, nne nne, kistari cha chini, tisini na tisa. Hayo ni mafungu manne tayari, na msikilizaji bado anafuatilia mazungumzo, anasoma gumzo, na huenda anapika. Neno kama kimulimuli ni refu kuliko jina la mgeni yule, lakini ni fungu moja.

Ndiyo maana ushauri wa "jina liwe fupi" ni nusu ya ukweli. Ufupi unasaidia pale tu unapopunguza mafungu. Jina lenye konsonanti nne zisizotamkika ni fupi machoni na ni refu masikioni, kwa kuwa kila herufi inasimama peke yake kama kitu cha kukumbuka. Kati ya "kzmt" na "kimulimuli", mimi ningemwekea dau yule wa herufi kumi.

Kwa nini majina ya watu yanatuponyoka na kazi zao tunazikumbuka

Kuna jaribio moja la mwaka 1987 ambalo kila anayechagua jina angepaswa kulijua. Washiriki walionyeshwa nyuso za watu wasiowafahamu, wakaambiwa jina la ukoo na kazi ya kila mmoja. Baadhi ya maneno kwa Kiingereza yalitumika kwa namna zote mbili, kama Baker, ambalo ni jina la ukoo na pia maana yake ni mwokaji mikate. Washiriki walikumbuka vizuri zaidi kwamba mtu ni mwokaji mikate kuliko kwamba anaitwa Baker. Sauti ni ile ile, herufi ni zile zile.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kazi inakuja na picha: tanuri, unga, harufu, mtu aliyeamka alfajiri. Jina la ukoo halina picha, ni sauti tupu iliyobandikwa usoni. Kumbukumbu hushika kwa kulabu, na picha ni kulabu nyingi kwa mara moja.

Kwa hiyo jina la chaneli linaloshikika ni lile linaloleta picha akilini, au linalojenga juu ya kitu ambacho msikilizaji tayari anacho. Pokimane, anayejulikana sana kwenye Twitch, aliunganisha Pokémon, jina la mchezo wa video, na jina lake la kwanza, Imane. Markiplier aliunganisha Mark na neno la Kiingereza lenye maana ya kizidishi. HasanAbi alichukua Hasan akaongeza "abi", neno ambalo kwa Kituruki ni kaka mkubwa, na kwa silabi mbili akawa ameshawaambia watazamaji yeye ni nani kwao. Mhispania Ibai alitumia jina lake la kuzaliwa kama lilivyo, silabi chache, hakuna cha kukosea.

Wapo watakaosema: mbona xQc, mtangazaji maarufu kutoka Kanada, amefanikiwa, na jina lake halitamkiki kama neno? Ni kweli. Jina hilo linatokana na herufi ya mwisho ya jina lake la kwanza, Félix, na kifupi cha jimbo la Quebec, na watu hulitaja herufi kwa herufi. Lakini watu hawakumfuata kwa sababu ya jina. Wakishakupenda kwa mamilioni watajifunza kutamka chochote. Anayeanza na watazamaji sita hana mkopo huo, kwa hiyo kuiga jina la aliyekwisha kufika ni kutazama alipo leo na kusahau njia aliyopita. Na niseme wazi kwamba jina zuri halimletei mtu watazamaji. Kazi yake ni kutowazuia wanaokuja, na kuwarudisha waliokwisha kuja mara moja.

Kiswahili kinakupa nini hapa

Eneo hili nalipenda kuliko yote, na nasikitika kwamba waandishi wengi wanaotoa ushauri wa majina hawaligusi.

Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Irabu ni tano na kila moja ina sauti yake, silabi nyingi huishia kwa irabu, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mtu akisikia "bahati" ataandika bahati. Sasa chukua jina la Kiingereza linalopendwa na wachezaji wa michezo ya video, Phoenix. Masikioni ni "finiksi". Nani, kwa kulisikia tu, ataandika p, h, o, e? Chukua Knight na Night: sauti moja, maneno mawili, akaunti mbili za watu tofauti. Wanaochagua Kiingereza kwa kudhani jina la Kiswahili linawafungia nje watazamaji wa mbali wangefikiri upya. Mjapani asiyejua neno la Kiswahili atasoma "bahati" au "taratibu" sawasawa mara ya kwanza. Yatakayompa taabu ni maneno kama "mchwa" au "mkwezi", kwa kuwa m ya kuanzia iliyofuatwa na konsonanti ni ngumu kwa wageni wengi. Kwa hiyo kama unalenga walimwengu, chagua neno la Kiswahili lenye silabi wazi.

Lugha hii ina zawadi nyingine mbili. Ya kwanza ni takriri: kimulimuli, kizunguzungu, taratibu tukiliita polepole. Silabi zinazojirudia zinakaa kichwani kama wimbo. Ya pili ni upatanisho wa ngeli. Wenzetu wa lugha nyingine hutoka jasho wakitafuta maneno mawili yanayoanza kwa sauti moja; sisi sarufi inatupa bure: vituko vipya, kiatu kikubwa, mlima mrefu. Nomino nyingi zikipata vivumishi vyake, mwangwi unakuja wenyewe.

Lakini kuna mitego pia. Alama ya ritifaa, ile ya ng', haikubaliki kwenye majina ya mtumiaji ya majukwaa makubwa. Ukitaka kujiita Ng'aa, utaandika "ngaa", na msomaji atalitamka kwa sauti nyingine, neno lisilong'aa tena. Sauti th na dh nazo ni za kuangaliwa. Wapo wengi wanaotamka na kuandika s na z mahali pake, na "thamani" ikisikika "samani", unayeuza maarifa ya vito utatafutwa kama muuza meza. Vivyo hivyo r na l zinapokaribiana: kwa baadhi ya wasemaji hubadilishana nafasi, na huo ni usemi wao, hutawabadilisha kwa sababu ya chaneli yako.

Mtego mkubwa kuliko yote ni wa kuunganisha maneno, kwa kuwa majina ya mtumiaji hayana nafasi. Mama mwenye binti aitwaye Lia akijiita Mama Lia, anwani yake inasomeka "mamalia", yaani kundi la wanyama wanaonyonyesha. Fundi wa mwanga wa picha akijiita Kaka Taa, anasomeka "kakataa". Hakuna aibu ndani yake, ila kila atakayelisoma atasitasita. Andika jina lako lote kwa herufi ndogo, bila nafasi, kisha lisome kama mtu asiyekujua. Zoezi hili huchukua sekunde tano na limewaokoa wengi.

Namba, vistari na michezo ya kupita

Namba hazina ubaya wa asili. Ubaya wake ni kwamba kwa kawaida huingia jina lilipokwisha kuchukuliwa, na mfumo ukapendekeza nyongeza. Namba ya aina hiyo haina maana, kwa hiyo haikumbukwi, na anayeisahau hutua kwenye akaunti ya yule mwenye jina bila namba. Yaani unamtangazia mwenzako bila malipo. MrBeast, mwenye chaneli maarufu ya YouTube, alianza mwaka 2012 kwa jina la MrBeast6000; leo hiyo 6000 imeanguka na hakuna anayeikosa.

Mwaka wa kuzaliwa ni wa kuepukwa kwa sababu nyingine. Unamwambia kila mpita njia umri wako, na kwa mtoto au kijana hilo ni hatari. Pia ni kipande cha kwanza ambacho mtu mwenye nia mbaya atakijaribu anapokisia nywila zako. Jina la shule, mtaa au namba ya simu halina nafasi kwenye anwani ya hadharani. Mzazi anayemsaidia mwanawe kufungua chaneli aanzie hapa kabla ya kufikiria uzuri wa jina.

Kubadilisha herufi kwa tarakimu, 4 badala ya a, 0 badala ya o, kuna tatizo la sikio nililokwisha kulieleza, na kuna la usalama. Katika aina nyingi za maandishi, I kubwa, l ndogo na tarakimu 1 hufanana kama mapacha. Walaghai hutumia mfanano huo kufungua akaunti inayoonekana sawa na yako, wakaingia kwenye gumzo lako na kuwaomba watazamaji wako pesa. Jina lenye l, I au o nyingi ni rahisi zaidi kuigwa. Ukiwa na uchaguzi kati ya majina mawili unayoyapenda sawa, chukua lisilo na herufi hizo.

Halafu kuna kufunga jina kwenye mchezo au mada moja. Yule xQc niliyemtaja, jina lake la Twitch lilikuwa xQcOW, na OW ilisimama kwa Overwatch, mchezo wa video aliokuwa akiucheza kama mchezaji wa kulipwa. Baadaye akawa mtangazaji wa kila kitu, na mkia ule ukaondolewa. Wengi hudhani kwamba kutaja mchezo ndani ya jina kunawasaidia kuonekana kwenye utafutaji. Kazi hiyo ina mahali pake: kichwa cha matangazo, kundi la mchezo unalolichagua, na lebo. Hivyo vinabadilika kila siku bila gharama. Anwani haibadiliki kirahisi.

Neno la kawaida mno lina taabu kinyume chake. Chaneli inayoitwa "michezo" au "muziki" inakumbukwa na kila mtu na haipatikani na yeyote, kwa sababu kwenye kisanduku cha kutafutia inashindana na ulimwengu mzima. Unachotafuta ni neno linalojulikana likiwa limewekwa mahali lisipotarajiwa, au maneno mawili ya kawaida yasiyozoea kukaa pamoja.

"Nimelisajili" haina maana ya "ni langu"

Kufungua akaunti kwa jina fulani hakukupi umiliki wa jina hilo. Kunakupa ruhusa ya kulitumia ndani ya jukwaa hilo kwa masharti ya mwenye jukwaa, basi. Ni kama chumba cha kupanga: ufunguo unao, hati huna.

Agosti 2019 Ninja, aliyekuwa mtangazaji mkubwa kabisa wa Twitch, alihamia Mixer, jukwaa la mubashara la Microsoft. Ukurasa wake wa zamani ulibaki Twitch ukiwa na jina lake, na jukwaa likautumia kuonyesha chaneli za watu wengine. Ikafika mahali, chini ya jina lake, ikatokea chaneli iliyokuwa ikirusha picha za ngono. Ninja alilalamika hadharani, na mkuu wa Twitch wakati huo akaomba radhi. Mwaka uliofuata, Julai 2020, Mixer yenyewe ikafungwa, na Ninja akarejea Twitch. Katika mizunguko hiyo yote kilichohama naye ni neno moja ambalo watu waliweza kulitafuta popote alipokwenda. Mtu aliyeweka jina la jukwaa ndani ya jina lake asingekuwa na bahati hiyo.

Mixer nayo ina kisa chake cha jina. Ilianza ikiitwa Beam, Microsoft ikainunua mwaka 2016, na mwaka 2017 ikabadilishwa jina kwa sababu "Beam" isingeweza kutumika katika masoko yote duniani. Kampuni yenye wanasheria wengi kiasi hicho ilikuta neno limeshikwa na wengine. Kwa hiyo kabla hujaagiza nembo, tafuta jina lako kwenye majukwaa yote unayoweza kuja kuyatumia, na uyafungue yote siku moja hata kama utatumia moja tu. Halafu litafute kwenye hifadhidata ya alama za biashara ya Shirika la Hakimiliki Ubunifu la Dunia, WIPO, ambayo ni ya bure na iko wazi kwa kila mtu. Alama hizo hupangwa katika makundi 45, na kundi la 41 ndilo la burudani na elimu. Jina likiwepo hapo kwa mtu anayefanya kazi kama yako, liache, hata kama jukwaa limekukubalia.

Angalia pia lina maana gani kwa wengine. Gari la Mitsubishi Pajero liliuzwa kwa wanaozungumza Kihispania kwa jina la Montero, kwa sababu jina la kwanza kwao ni tusi.

Ukishakosea

Jina baya linabadilishwa, na wafuasi hawapotei. Hofu hiyo inatokana na kudhani kwamba wafuasi wameshikamana na jina, lakini wao wameshikamana na akaunti, ambayo ndani ya mfumo ina utambulisho wake usiobadilika. Kinachovunjika ni kilicho nje ya mfumo: viungo ulivyobandika kwingine, maelezo chini ya video za zamani, na mazoea ya watu.

Twitch huruhusu mabadiliko mara moja kila siku 60. Haiwapeleki moja kwa moja kwenye jina jipya wanaobofya kiungo cha zamani, na jina uliloliacha huwekwa kando kwa angalau miezi sita, kisha linaweza kutolewa kwa mtu mwingine. YouTube huruhusu kubadili jina la @ mara mbili ndani ya siku 14, na kwa kawaida hukushikia la zamani kwa siku 14. Mwenye alama ya uthibitisho kwenye YouTube ajue kwamba kubadili jina la chaneli, yaani kibao, kunaiondoa. TikTok ni mara moja kila siku 30, na kiungo cha ukurasa hubadilika papo hapo.

Kwa hiyo ukiamua kubadili, fanya mapema, wakati wanaokuita kwa jina lile bado wanahesabika kwa vidole. Tangaza siku kadhaa kabla. Wiki za kwanza taja majina yote mawili ukiwa hewani, tena mara kwa mara, kwa kuwa watazamaji wa mubashara huingia na kutoka, na aliyeingia dakika ya arobaini hakusikia ulichosema dakika ya kwanza. Jina lenyewe liwe kwenye kona ya picha muda wote.

Na kabla hujabofya kitufe cha kuthibitisha, mpigie simu rafiki. Usimtumie ujumbe, mpigie. Litaje jina mara moja, bila kulieleza wala kulitamka herufi kwa herufi, kisha zungumzeni mambo mengine. Kesho yake mwombe akuandikie alichokumbuka. Fanya hivyo kwa watu watano, mmoja wao awe mtu asiyejali kabisa mambo ya chaneli. Akikuandikia kitu tofauti, usimrekebishe. Weka jina lako na alichoandika pamoja, utazame ni silabi ipi ilimponyoka.